Siku Mbili Katika Nyumba ya Madaktari wa Kichina

Sisi watu wa Upare hatuna sifa ya kutupa fedha ovyo. Jirani zetu husema kwa mzaha kwamba Mpare yu tayari kuuza ng'ombe apate kuendesha kesi ya kuku, lakini kulipia kitanda cha usiku mmoja humtoa jasho. Basi binti yetu mkubwa, afanyaye kazi Dar es Salaam, alipotuletea khabari kwamba ametulipia siku mbili katika Hoteli ya Serena iliyoko Shangani, Unguja, mama yake alifurahi nami nikanyamaza. Nilijiuliza moyoni, je, hii siyo israfu? Lakini zawadi ya mtoto hairudishwi. Tukashuka kwa basi kutoka Same, na kesho yake tukavuka bahari.

Hoteli hiyo ni majumba mawili ya kale yaliyotengenezwa upya, ikafunguliwa mwaka 1997. Moja lilikuwa la kampuni ya simu. Waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, na tangu hapo khabari iliyokuwa ikingoja merikabu majuma mengi ikawa yafika Ulaya upesi. La pili ndilo lililonivuta zaidi, kwani lajulikana kuwa ni nyumba ya madaktari wa Kichina. Hapana Mchina aliyeijenga. Ni nyumba ya mawe kama nyingine za Shangani, ila baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, China ilileta madaktari wake kutoka jimbo la Jiangsu, na nyumba hiyo ikawa makao yao. Madaktari wa jimbo hilo wameendelea kuja kwa zamu hata leo, wakitibu wagonjwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, na kule Pemba katika Hospitali ya Abdalla Mzee.

Wala wao hawakuwa Wachina wa kwanza kuzijua pwani zetu. Jemadari Zheng He, aliyezaliwa katika jamaa ya Kiislamu huko Yunnan, aliongoza merikabu za China katika Bahari ya Hindi mwanzoni mwa karne ya 15, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Twiga tunaowaona sisi pale Mkomazi bila hata kugeuza shingo!

Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha nakshi na chandarua cheupe kama sanda ya arusi, kama nitasamehewa kusema hivyo. Mama Zuhura alikizunguka mara mbili asithubutu kukikalia. "Baba Zuhura," akaniuliza, "hao madaktari walilala namna hii?" Nikamjibu kwamba sidhani. Wakati wa sala alimwuliza kibla msichana aliyeleta mataulo, naye akakionyesha kwa mkono pasipo kusita, akasema, "Huku, mama," kisha akatoka taratibu. Tangu hapo mwenzangu akatulia, akakalia kitanda.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa ukutani. Ukuta wa nyumba zile ni mnene, zaidi ya dhiraa moja, wa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa udongo na chokaa. Dari za kale hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, vyumba navyo aghalabu huwa vyembamba. Mzee mmoja fundi, tuliyeketi naye barazani jioni, alinieleza kwamba chokaa huuacha ukuta upumue, maji yaliyoingia yakapata njia ya kutoka. Bali saruji huyafungia ndani, na ukuta huoza huku uso wake ukingali mzuri. "Nyumba hizi," akasema, "adui yao ni paa linalovuja na mwenye nyumba asiyepanda juu kutazama."

Kesho yake tulitembea hadi Forodhani kuliona Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, ilhali lilikuwa katika kutengenezwa, na watu wawili wakapoteza maisha. Nilisimama pale kitambo. Sikuwa nikiwaza habari za Sultani. Nilikuwa nikiiwaza nyumba ya marehemu baba yetu kule Usangi.

Nyumba hiyo ina msingi wa mawe, kuta za udongo na bati lililokwisha kuliwa na kutu. Ndani yake tumezaliwa sote, na kwa mirathi ni yetu sote. Mdogo wangu aliwahi kuupaka saruji ukuta wa kusini, kwa nia njema kabisa. Sasa saruji imejitenga, na nyuma yake udongo ni kama uji. Kwa hiyo akashikilia kwamba ibomolewe, tujenge ya matofali.

Baada ya Idi tulikutana Usangi. Mdogo wangu alisema wazi kwamba fedha ya kuitengeneza nyumba kuukuu ndiyo israfu yenyewe, na sikuweza kumwambia hana hoja. Dada yetu, aliyekuwa kimya muda wote, akasema tu kwamba fungu lake yeye halibomolewi. Basi tukapatana: bati libadilishwe kabla ya masika, saruji ibanduliwe, na atafutwe fundi wa udongo, ikiwa yungali hai mmoja anayeijua kazi hiyo. Mdogo wangu ametoa fedha yake yote iliyompasa, ila ametuambia kwamba akija akakuta chumba kinavuja, atakwenda kulala kwa shemeji yake.