Kemia Iliyoniingia Puani

Mimi ni mtoto wa Mirongo, nimekulia jirani na ule mto unaokatiza katikati ya mji wa Mwanza kwenda kumwaga ziwani. Kemia niliichukia. Shuleni tulikariri aldehaidi, ketoni, asidi, mtihani ukiisha kichwa cheupe. Maabara ya tiba niliisomea kwa kutafuta ajira tu, mapenzi hayakuwepo.

Kilichonigeuza ni chupa ya benzaldehaidi. Mkufunzi alifungua kizibo, darasa zima likanukia arki ya lozi, ile ya kwenye keki. Kisha akatuonyesha shingo ya chupa: ukoko mweupe, wenye chenga zinazong'aa. Hakuna aliyeuweka. Hewa ilikuwa ikipenya kidogo kidogo, oksijeni ikaigeuza aldehaidi kuwa asidi ya benzoiki, ambayo chumvi yake huhifadhi soda tunazokunywa. Lile kundi la kaboni, oksijeni na hidrojeni nililokuwa nalichora bila kulielewa, siku hiyo nikaliona halitulii, linatafuta cha kushikana nacho.

Viwanda vinaipendea tabia hiyo hiyo. Benzaldehaidi moja ikishikana na molekuli mbili za dimethilanilini, hupatikana kitu kisicho na rangi. Kioksidishe, tia asidi, kijani kinajitokeza. Mjerumani Otto Fischer aliitengeneza rangi hiyo mwaka 1877. Inaitwa kijani cha malakaiti kwa kufanana na jiwe la madini ya shaba, ingawa shaba haimo hata chembe.

Sasa naishika kazini. Kuotesha vimelea vya TB tunatumia chakula kinachoitwa Löwenstein-Jensen: mayai ya kuku, gliserini, chumvi chumvi, na rangi hiyo. Makohozi hayaji na TB peke yake. Bakteria wengine huzaana usiku mmoja, wakati TB tunaisubiri hata wiki nane. Bila kijani kile kuwazuia, wangemaliza chakula mapema. Subira ikilipa, unaona juu ya kijani vijipele vya rangi ya maziwa, vikavu, vimekunjamana kama koliflawa. Mtu akiniuliza benzaldehaidi ina faida gani, namwonyesha kijani hicho.

Lakini mimi ni mtu wa ziwani, siwezi kuisifia nikaishia hapo. Rangi hiyo hiyo huua fangasi wanaoshambulia samaki na mayai yao, na ndipo kishawishi kilipo kwa wafugaji wa sato. Ndani ya samaki hurudi kwenye lile umbo lisilo na rangi, ikajificha kwenye mafuta. Minofu inaonekana safi kabisa, kumbe imo. Ulaya, inakonunuliwa minofu yetu ya sangara, imeipiga marufuku kwa samaki wa kuliwa.

Ndugu mfugaji wa vizimba, ukiletewa unga wa kijani wa kutibu fangasi, uliza jina lake kabla hujatoa hela. Ukiambiwa ni malakaiti, mrudishie mwenyewe.