Ng'ombe wa Ndulele

Ndulele ni mti mdogo wenye miiba uotao kando ya njia na katika malisho yetu ya Endamarariek, wilaya ya Karatu. Watu wa pwani huuita mtunguja. Mkulima huung'oa kwa hasira, lakini mtoto achungaye huuona kuwa ni hazina. Matunda yake mabichi, yenye mistari myeupe, ndiyo ng'ombe wake. Yaliyoiva, ya rangi ya manjano, ndiyo mafahali (au hivyo ndivyo tulivyokubaliana sisi). Huyajengea boma la miiba, huyapeleka kunywa maji, na jioni huyahesabu. Akitaka gari, huyatoboa kwa kijiti akapata magurudumu, na bua la muhindi likawa mwili wake. Neno moja wazazi walishike: tunda hilo lina sumu, basi mtoto asilitie kinywani, na anawe mikono kabla ya kula.

Juu ya ng'ombe hao hatujasikia ugomvi. Ugomvi ulitokea kwa mwanasesere. Binti mdogo wa jirani alilivika gunzi kitambaa, akalibeba mgongoni. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akamnyang'anya, akalitupa motoni, akisema kuwa ni sanamu. Tangu siku ile mtoto humkimbia mzee yule. Nia yake hatuitilii shaka, lakini twaona aliharakisha.

Kwani katika mkusanyo wa Abu Dawud imo habari kwamba Mtume s.a.w. alirudi safari, upepo ukafunua pazia, akawaona wanasesere wa Bibi Aisha r.a., na kati yao farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Alipomwuliza juu ya farasi mwenye mabawa, alijibu kuwa Nabii Sulaiman a.s. alikuwa nao wa namna hiyo. Mtume akacheka hata magego yakaonekana. Tena katika Bukhari, Bibi Rubayyi' binti Muawwidh r.a. asimulia kuwa siku ya Ashura walifunga pamoja na watoto wao, wakawatengenezea vitu vya kuchezea vya sufu. Mtoto akililia chakula, hupewa hicho mpaka wakati wa kufuturu. Wanazuoni wengi waliwaruhusu wanasesere wa watoto, ingawa wako waliokataa.

Juma lililopita tulimwendea mzee wetu na kitabu, tukamsomea. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama magunzi ya mavuno haya yamekwisha kuchomwa yote.