Mwalimu Anaporudi Darasani



Juma hili mume wa mwalimu mmoja katika jumuiya zetu alituuliza: mkewe ana shahada, ana ajira, ana watoto, kwa nini akope SACCOS na kuzitoa likizo zake kusomea uzamili wa elimu, katika mitaala na unasihi? Hakuuliza kwa dharau. Ada ni kubwa, na shamba halijilimi.

Kuhusu mitaala jibu ni jepesi. Tangu Januari 2024 nchi yetu imeanza kutekeleza mitaala mipya, nayo yahitaji walimu wanaojua kwa nini somo limepangwa lilivyopangwa. Unasihi ndio uliotufikirisha. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliwafungulia mlango wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito. Binti huyo akirudi, ni nani atakayemsikiliza? Tumeona shule ambamo mwalimu wa malezi ndiye pia mshika fimbo. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka ukomo wa viboko vinne. Lakini ni mtoto gani atakayefungua moyo mbele ya mkono uliomchapa jana?

Mwalimu mwenyewe alitueleza jambo ambalo tungependa nanyi mlijue. Sisi mapadre tumefungwa na siri ya kitubio, isiyovunjwa kwa sababu yoyote ile. Mnasihi naye hutunza siri, ila siri yake ina mpaka: mtoto akisema anadhuriwa nyumbani, ni lazima wenye mamlaka ya kumlinda waelezwe, na mtoto huambiwa hivyo kabla mazungumzo hayajaanza. Kuueleza mpaka huo bila kumtisha mtoto ni ujuzi, na haupatikani kwa semina ya siku mbili. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyeandika juu ya mfumo wake wa malezi mwaka 1877, aliujenga juu ya akili, dini na upendo. Wengi wetu huupenda upendo na kuisahau akili.

Mume amekubali, kwa sharti kwamba mavuno ya mpunga yasimwangukie peke yake. Jumuiya yao imeahidi siku mbili za kazi. Nasi tumeandaa chumba kando ya ofisi ya parokia kwa ajili ya vijana, mwalimu atakapohitimu. Fundi ameagizwa kuweka kioo mlangoni, ili waliomo waonekane pasipo kusikika.