Nyumba Iliyovikwa Mabati

Magharibi ya mji mkubwa wa Los Angeles, katika nchi ya Marekani, uko mji wa Santa Monica, unaoelekea bahari ya Pasifiki. Mitaa yake ya ndani ni ya watu na aila zao: bustani mbele ya mlango, miti kandokando ya njia, na utulivu. Katika pembe ya mtaa mmojawapo yasimama nyumba ya mbao ya ghorofa moja, iliyojengwa yapata mwaka 1920, yenye paa la mtindo wa Kiholanzi. Nyumba za namna hiyo ni nyingi Marekani, na hii isingalitajwa popote lau si mageuzi yaliyoifika.

Mwaka 1977 ilinunuliwa na mchoraji wa ramani za majengo, Bwana Frank Gehry, na mkewe Berta. Gehry hakuibomoa ile ya kale. Aliiacha imesimama, akaizungushia nyumba nyingine pande tatu, mfano wa joho juu ya kanzu. Na joho lenyewe lilikuwa la nini? La mabati, plaiwudi na wavu wa waya. Vitu ambavyo mtu huviweka paani au uani, yeye aliviweka mbele, machoni pa wapita njia.

Ndani, alibandua lipu katika baadhi ya kuta hata nguzo na fito zikaonekana, kama nyumba ya udongo kabla ya kukandikwa. Jiko alilitia baina ya ukuta wa kale na ule mpya, likapata sakafu ya lami, na juu yake dirisha kubwa la vioo lililokaa upande, kama sanduku lililoanguka. Hivyo mpishi aliyesimama jikoni aliutazama ukuta ambao zamani ulikuwa wa nje.

Majirani walichukizwa. Waliona mtaa wao umeharibiwa, na lawama zao si za kushangaza, kwani sura ya nyumba huonwa zaidi na jirani kuliko mwenyewe. Lakini wanafunzi wa ujenzi walifika kutoka mbali kuitazama, na mwaka 2012 chama cha wasanifu wa majengo wa Marekani kiliipa tuzo iliyowekewa majengo ambayo sifa yake imedumu miaka mingi.

Lililo kubwa zaidi, ndugu wasomaji, ni hili. Mnamo mwaka 1991 watoto wa kiume wa Gehry walikuwa wamekua, nao wakahitaji nafasi yao. Nyumba ilikwisha kuwa mashuhuri, na wengi walitaka isiguswe. Baba yao aliigeuza tena: palipokuwa wazi pakafunikwa, palipokuwa pakavu pakalainishwa, na gereji ikafanywa mahali pa kukaa. Baadhi ya waliokuwa wakiisifu walisikitika kwamba ukali wake wa kwanza umepungua. Lakini wao walikuja, wakatazama, wakaenda zao. Aila ndiyo iliyolala humo.