Picha Kabla ya Sindano

Zamani uvimbe wa maji kwenye ini, unaoletwa na tegu wa mbwa, ulitambuliwa kwa mkono na kwa kisu. Daktari alibonyeza chini ya mbavu za kulia, akaagiza eksirei, na mara nyingi ukweli ulijulikana tumbo lishafunguliwa. Kulikuwa pia na kipimo cha Casoni cha mwanzoni mwa karne ya 20: maji ya kifuko cha tegu yalidungwa ngozini, kisha watu wakasubiri kuona kama patavimba. Kilikosea mno. Nikiyakumbuka hayo, naona kilichobadilisha mambo ni ultrasaundi. Mwaka 1981 daktari Gharbi wa Tunisia aliainisha vifuko kwa sura zake, na tangu 1983 mradi wa shirika la AMREF uliitumia mashine hiyo Turkana, mojawapo ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Kwenye kioo huonekana duara jeusi. Mgonjwa akigeuzwa, chembe nyeupe hutimka ndani yake kisha zikatua. Kifuko kikikomaa, vifuko vidogo hubanana ndani yake kama mbegu za komamanga. Hapo daktari anajua ni nini, na pia kama tegu yungali hai au ameshakufa, maana kifuko kilichokufa mara nyingi huangaliwa tu.

Watasema kipimo cha damu kinatosha. Lakini Waturkana wengi waliokuwa na vifuko dhahiri kwenye picha, damu zao hazikuonyesha kitu. Kweli, duara tupu lisilo na alama linaweza kuwa uvimbe wa kawaida. Hapo damu husaidia, na picha hurudiwa baada ya miezi. Wengine watasema Mji wa Kale wa Mombasa si Turkana, na nyumba nyingi huko hazifugi mbwa. Ni sawa, na nyama ya soko la Markiti haimwambukizi mlaji: mayai ya tegu hutoka katika kinyesi cha mbwa aliyekula maini au mapafu yenye vifuko. Lakini kifuko hukua miaka mingi bila maumivu, na kisiwa hiki kimejaa watu waliokulia kwingine. Mtoto wa jana wa Lokichogio, Turkana, huenda leo ni kuli bandarini Kilindini.

Madaktari wetu, muulizeni mgonjwa alikokulia, na msimchome sindano kwenye ini kabla ya picha kusomwa vizuri. Maji ya kifuko yakivuja tumboni, mwili unaweza kushtuka hadi mtu afe, na mbegu za tegu zikamea upya.