Ngoma ya saa 24 ilivyoninyima usingizi

Simu ikilia saa 9 usiku, mtu wa kawaida hufikiria msiba. Mimi kwa miezi saba nzima nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu: ngoma imekata! Na kweli, nikipokea nasikia sauti nzito ya mlinzi wa karasha kule Katoro, "Dogo, mbona kimya? Huku watu wanasinzia."

Basi nainuka nimejifunga kanga ya mama watoto (usicheke, gizani unavuta kilicho karibu), napapasa ukuta mpaka sebuleni kwangu hapa Ngokolo, Shinyanga mjini. Laptopu iliyokuwa ikirusha nyimbo imezima, ruta imezima, feni imezima, mtaa mzima giza. Mama watoto ananiuliza kutoka chumbani kama nimeoa yeye au nimeoa mashine. Sijibu. Saa 9 usiku swali kama hilo halina jibu zuri.

Wacha nikueleze nilivyofika hapo.

Mjomba wangu alianza na kaseti. Miaka ya tisini alikuwa na meza kule Geita, halafu akahamia Nyarugusu akifuata wachimbaji, maana mchimbaji akipata anataka vitu vitatu: nyama, bia na muziki. Nyimbo zenyewe za Kisukuma, za manju wetu wenyewe, zile ambazo mtu anatajwa jina lake, la baba yake na idadi ya ng'ombe zake mpaka anatoa noti bila kuombwa. Kaseti zikafa, zikaja sidii, nazo zikafa. Ikabaki biashara ya kurusha nyimbo kwenye memori kadi na flashi, mteja anakuja na simu yake, unamjazia, anaondoka. Mimi nilikua nimekaa nyuma ya meza hiyo. Mwaka 2021 mjomba akasema tuwe na lebo yetu, turekodi wenyewe, tusiwe watu wa kunakili kazi za wengine. Akauza ng'ombe wawili. Msukuma akiuza ng'ombe kwa ajili ya jambo lako, mwenzangu, usilale.

Wazo la kurusha laivu saa 24 lilikuwa langu. Nilikuwa nimeiona ile chaneli ya Ufaransa, Lofi Girl, yule binti wa katuni anayesoma dirishani na muziki wa taratibu hauishi usiku wala mchana. Nikajiuliza, kama vijana wa Ulaya wanasoma na muziki usiokatika, wachimbaji wangu je? Karasha haijui usiku. Mialo haijui usiku. Kuna mtu anasaga mawe Nyarugusu sasa hivi unaposoma hapa, na mwenzake amekaa na spika ndogo ya bluetooth, na simu moja inatosha kuburudisha watu kumi. Zamani ili usikike ilibidi ubembeleze redio za Mwanza. Sasa unakuwa na redio yako kwenye YouTube. Mjomba akaniuliza swali moja tu: "Itakatika?" Nikamwambia haitakatika, mjomba.

Nilisema uongo, ingawa sikujua.

Mwanzo nilijifanyia mwenyewe. OBS Studio ni programu ya bure, unaishusha, unaipanga foleni ya nyimbo, unaweka picha, unabandika ufunguo wa kurushia, yaani ile mistari ya herufi na namba unayopewa na YouTube, unabonyeza, uko hewani. Kazi ya jioni moja (ukiwa umeshathibitisha akaunti kwa namba ya simu, maana mara ya kwanza wanaweza kukusubirisha hadi saa 24 kabla ya kukuruhusu). Raha tupu! Wiki ya kwanza nilizunguka mjini kama mkurugenzi.

Kisha nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla. Ukirusha picha inayocheza kwa megabiti 2.5 kwa sekunde, kwa siku unakula GB 27. Kwa mwezi ni GB 810. Intaneti yangu ya nyumbani ilikuwa ya ile inayoitwa haina kikomo, kumbe kikomo anacho, amekificha tu kwenye maandishi madogo. Ukifika mahali, spidi inakuwa ya konokono. Nikatoa video, nikaweka picha moja tu ya mbuyu na jina la lebo, nikashusha mpaka megabiti 1. Hapo ni GB 11 kasoro kidogo kwa siku. Afadhali. Mchimbaji hamtazami mbuyu, anasikiliza ngoma.

Lakini umeme! Mwishoni mwa 2023 nchi ilikuwa kwenye mgao, unakumbuka, na sisi wa Kanda ya Ziwa tulikuwa ndani ya giza hilo hilo kama wenzetu. Laptopu ina betri ya saa 2, ruta haina betri kabisa. Nikanunua betri ya gari na inveta, nikaunganisha, ikashika saa 5. Mgao wenyewe saa 8. Saa 3 zilizobaki ndizo za mlinzi wa Katoro kunipigia. Na siku ambazo umeme upo, nasahau mimi kununua LUKU. Naomba nisiongee sana juu ya siku hiyo.

Mama watoto alipojifungua Januari 2024 nikasema basi. Mtoto analia, laptopu inalia, mlinzi wa karasha analia. Nikatafuta watu wa kunifanyia.

Nikawapata Dar es Salaam, kampuni siitaji. Ofisi nzuri, kadi za biashara zinang'aa. Sh 200,000 za kuanzia, halafu Sh 350,000 kila mwezi, wao wanarusha, wao wanalinda, wewe unatuma nyimbo tu. Wakaniambia chaneli yangu ni changa, afadhali wafungue mpya kwa barua pepe yao kwa kuwa akaunti yao ina historia nzuri, halafu "tutakukabidhi." Nikakubali. Nilikuwa sijalala siku nyingi, ningekubali hata kukata sikio.

Niseme ukweli wao: miezi mitatu ya kwanza ilikuwa pepo. Nililala. Nilinenepa. Wafuasi wakafika 11,000. Katoro hakuna aliyenipigia isipokuwa kuuliza kwa nini manju fulani hapigwi. Mjomba akaanza kusema "lebo yetu" mbele za watu.

Jumapili, Mei 12, 2024, simu ikalia. Mchana safari hii. Ngoma imekata. Nawapigia Dar, wanasema ni nyaya za chini ya bahari, intaneti imeyumba Afrika Mashariki nzima. Na kweli, siku hiyo nyaya za EASSy na Seacom zilikuwa zimekatika, Tanzania tukaumia vibaya. Sikuwalaumu kwa waya wa baharini. Ila kuna kitu kikanikereketa: si waliniambia mitambo yao iko kwenye seva kubwa za nje? Seva ya nje ingeendelea kurusha hata kama mimi huku sioni. Nikambana kijana wao mmoja mpaka akaniambia kwa aibu kwamba "mtambo" ni kompyuta iliyo chini ya meza, pale pale ofisini. Yaani nilikuwa nalipa 350,000 kwa kitu kile kile kilichokuwa sebuleni kwangu, tofauti yake inveta kubwa na kiyoyozi!

Nikaomba kuondoka na chaneli yangu. Wee! Wakanionyesha karatasi niliyosaini. Chaneli imefunguliwa kwa barua pepe yao, ni mali ya kampuni mpaka nilipe miezi 12. Nikagoma. Wiki iliyofuata, kwenye chaneli yenye jina letu na picha ya mbuyu wetu, zikawa zinapigwa nyimbo za watu wengine kabisa.

Kumwambia mjomba ilinichukua siku nne. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamsalimu mwangaluka, akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Akasema tu, "Mpwa wangu, mimi kaseti zangu nilikuwa nalala nazo kichwani, nimeziweka chini ya mto." Afadhali angenichapa.

Nimeona nyie vijana wengi wenye studio Kahama, Geita na Mwanza mnaulizana hili jambo, ulipie watu au ufanye mwenyewe, na mnaulizana bei. Mimi nasema bei iache kwanza. Uliza mwenye chaneli ni nani kwa YouTube. Kuna lebo moja ya injili Mwanza inalipia huduma kama ile ile na iko salama, kwa sababu chaneli ni yao, wao ndio wamiliki, na yule fundi wamempa nafasi ya umeneja tu ndani ya mipangilio. YouTube inaruhusu hivyo: mmiliki, meneja, mhariri, kila mtu na mamlaka yake, na hakuna haja ya kumpa mtu neno la siri. Siku wakigombana, wanamtoa, anabaki na kadi zake zinazong'aa. Kama una fedha na huna mtu wa kukesha, lipia. Lakini lipia namna hiyo.

Mimi sikuwa na fedha tena. Kijana mmoja aliyesoma kompyuta hapa mjini akanionyesha njia ya tatu: unakodi seva ndogo ya nje, dola 6 kwa mwezi, kama Sh 16,000 hivi, unalipa kwa kadi ya kwenye simu. Unapakia nyimbo mara moja, unaweka programu ya bure iitwayo FFmpeg izungushe foleni bila kuchoka, na ikianguka inajiinua yenyewe. GB zile za mwezi zimo ndani ya kodi. Umeme wa Ngokolo ukikatika, seva haijui Ngokolo iko wapi. Ilinichukua wiki tatu kuelewa yale maandishi meupe kwenye kioo cheusi, na mara mbili nilifuta kila kitu kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini Agosti 2024 tukawa hewani, chaneli mpya, wafuasi sifuri.

Usidhani matatizo yaliisha. Mwezi wa pili matangazo yakazibwa na picha ya onyo: wimbo una mwenyewe! Mwenyewe nani, wakati nimemrekodi mimi? Nikamfuata manju wangu upande wa Masumbwe, mzee wa heshima zake. Kumbe wimbo ule ule alikuwa ameshamuuzia mfanyabiashara mwingine, naye kauingiza kwenye mifumo ya hakimiliki. Nikamuuliza, mzee, umeuza mara mbili? Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Hapana. Kila mtu nimemuuzia mara moja."

Hapo hakuna seva wala kampuni ya kukuokoa. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999 na COSOTA ipo, ila sisi huku tumezoea kupeana mikono na kunywa soda. Tulikaa siku nzima, tukaandika karatasi kwa kila wimbo, mwanawe akasoma kwa sauti, mzee akaweka dole gumba. Nyimbo tano ilibidi nizitoe. Na wewe usiyefanya hivyo ujue hata wale wakubwa wanaguswa: Lofi Girl mwaka 2020 ilizimwa kwa makosa baada ya kurusha zaidi ya saa 13,000 mfululizo, na 2022 ikazimwa tena kwa madai ya hakimiliki ya uongo. Wao walirudishwa haraka kwa sababu dunia ilipiga kelele. Manju wa Masumbwe nani atampigia kelele? Na kabla ya kujiita redio, pita TCRA uulize kuhusu leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018 na zimebadilishwa zaidi ya mara moja.

Fedha? Bado. Ili ugawiwe mapato ya matangazo ya biashara YouTube wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kinachotulisha mpaka leo ni harusi, watu wanasikia laivu, wanauliza manju yule anapatikana wapi, tunamuunganisha, tunapata chochote.

Oktoba 29, 2025, mtandao ulipozimika nchi nzima, nilikaa na simu mkononi kama jiwe. Siku kadhaa baadaye uliporudi nikafungua chaneli nikitegemea kukuta kaburi. Ngoma ilikuwa inaendelea. Haikukatika hata dakika moja. Seva haikuwa na habari! Wasikilizaji walikuwa wachache sana, Katoro hakuna hata mmoja, lakini mtu mmoja aliyeko Oman alikuwa ameandika usiku wa manane kwa Kiswahili kwamba ameshindwa kumpata mama yake Geita kwa WhatsApp, basi anasikiliza hizi nyimbo mpaka atakapompata.

Nilimsomea mjomba. Akaniambia nisome tena. Kisha akauliza kama yule mtu alimpata mama yake.

Sikujua. Nimemwandikia, sijajibiwa.