Mizani Nilizihesabu, Mwendo Sikuusikiliza

Nilimtungia marehemu mama shairi la beti 12, nikalighani usiku wa arobaini yake. Lilikuwa tarbia ya mtiririko, mizani 16 kila mshororo, vina havikuteleza hata kimoja. Kufikia ubeti wa saba, shangazi yangu alikuwa akipiga miayo. Nilijua kosa si lake, ila langu sikuwa na jina la kuliita.

Jina hilo nililipata nisipopatarajia: kwenye simu ya mpwa wangu, akicheza Space Invaders, mchezo wa kale uliotolewa na kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1978. Wavamizi 55, safu tano za kumi na mmoja-mmoja, huteremka taratibu huku sauti nne nzito zikijirudia kama nyayo. Kila wanapouawa, waliosalia huongeza mwendo, na sauti nazo hubanana. Wa mwisho hukimbia kama aliyefumaniwa.

Nilidhani ni hila ya mtunzi. Kumbe chanzo ni udhaifu wa mtambo. Kioo kilichorwa upya kama mara 60 kwa sekunde, na kila mara mtambo ulimsogeza mvamizi mmoja tu. Wakiwa 55, jeshi zima hukamilisha hatua moja kwa muda unaokaribia sekunde; akibaki mmoja, husogea kila kioo kichorwapo. Tomohiro Nishikado, aliyeubuni mchezo, aliliona jambo hilo, akaona linaongeza msisimko, akaliacha. (Mimi ningelisahihisha, kwa kupenda unyoofu.)

Silaha ni ile ile, adui ni yule yule, sheria ni zile zile. Kasi peke yake ndiyo iliyobadilika, na mchezaji aliyeanza kwa utulivu sasa ameshikwa na kiherehere. Nilimwomba mpwa wangu anipishe. Nilikufa mara tisa, nyingi kati ya hizo nikiwa nimebakiwa na wavamizi wawili watatu.

Shairi langu lilikuwa jeshi lisilopungua. Ubeti wa mama akipalilia mihogo na ubeti wa mama akiishiwa pumzi kitandani ilitembea mwendo mmoja, kama askari wa gwaride. Na nyenzo ninayo tangu zamani: msuko, ambao kituo chake ni kifupi kuliko mishororo iliyokitangulia, ulimi ukafika ukingoni kabla haujajiandaa.

Nimelirudia. Beti za shambani nimeziachia mizani zake 16. Kuanzia ubeti wa tisa, vituo ni vya mizani 8. Ubeti wa mwisho nimeukata wote, nane kwa kila mshororo. Watakaosema nimechanganya bahari huenda wana haki.

Hitima ya mwaka ni mwezi ujao. Shangazi ameniuliza kama shairi bado lina beti 12. Nimemjibu kwamba ni zile zile 12.